Nani Alipie Utulivu wa Mariakani?

Mariakani, mji wa kaunti ya Kilifi, ina reli mbili, na umri wa kila moja ndio unaoamua kama mwenye nyumba anaweza kudai hata shilingi kwa sababu ya kelele. Ya kwanza ni ile ya zamani ya geji ya mita, iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Victoria 1901. Ya pili ni SGR, reli ya geji sanifu, iliyofunguliwa kwa abiria Mei 31, 2017 na kuanza kubeba makontena kibiashara Januari 2018. Katikati na pembeni mwa reli hizo, na kando ya barabara kuu ambako malori hujipanga kusubiri mizani, watu wananunua ploti na kujenga. Mtu anaona ploti mchana, treni haipo, bei inamvutia. Anahamia, na usiku wa kwanza anazinduka usingizini.

Basi aende wapi kuomba pesa za kuziba kelele hiyo? Kenya haina mfuko wa umma uliotengwa kwa kazi hiyo. Hakuna fomu ya kujaza wala dirisha la kuuliza. Ilipo pesa, ipo kwa majina mengine: fidia, mkopo, nafuu ya kodi, tozo. Kila moja ina masharti yake, na sharti linalojirudia karibu kila mahali ni hili: nani alitangulia, nyumba au reli?

Lakini kabla ya sharti hilo palikuwa na kizuizi kingine, cha zamani kuliko reli yetu ya kwanza. Mwaka 1869 Baraza la Mabwana la Uingereza liliamua kesi ya Hammersmith and City Railway dhidi ya Brand. Ilihusu nyumba ya London iliyotikiswa na treni mpaka thamani yake ikashuka. Majaji waliamua kwamba ikiwa Bunge limeruhusu reli, na reli inaendeshwa bila uzembe, jirani hana fidia kwa mtikisiko unaotokana na treni kupita. Kenya ilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa Agosti 12, 1897, kwa hiyo uamuzi huo ulikuja pamoja nayo. Waingereza wenyewe waliona ukali wake, wakaurekebisha kwa Sheria ya Fidia ya Ardhi ya 1973, inayomruhusu mwenye nyumba kudai thamani iliyopotea kwa kelele, mtikisiko, moshi na mwanga wa miundombinu mipya ya umma. Sheria hiyohiyo ilifungua njia ya kanuni za 1996 kuhusu kelele za reli. Nyumba iliyo ndani ya mita 300 kutoka reli mpya au iliyoongezwa njia hulipiwa madirisha ya kuzuia sauti na vifaa vya kuingiza hewa katika sebule na vyumba vya kulala, kelele ikifika wastani wa desibeli 68 mchana au 63 usiku. Lakini nyumba iwe ilikaliwa kabla ya reli kuanza kutumika. Aliyejenga baadaye hapati kitu. Ufaransa nayo, tangu sheria yake ya kelele ya 1992, hufuata mantiki hiyohiyo ya aliyetangulia.

Kwetu, sehemu ya kwanza ya urithi huo ilibaki, ile ya kumfungia mlango mwenye nyumba. Sehemu ya pili, ya kumlipia dirisha, hatukuwahi kuitunga.

Badala yake tulitunga viwango. Kanuni za kudhibiti kelele na mtikisiko za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinasema ndani ya nyumba ya makazi kelele isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Nje ya nyumba ni 50 mchana na 35 usiku. Eneo la mchanganyiko wa makazi na biashara, ambalo ndilo Mariakani kwa sehemu kubwa, ni 55 mchana na 35 usiku. Usiku wa kanuni huanza saa mbili na kuisha saa kumi na mbili alfajiri. Mtikisiko nao usizidi nusu sentimita kwa sekunde, mita 30 kutoka kwa chombo kinachokwenda.

Tuzipime namba hizo kwa treni yenyewe. Tuseme usiku mzima inapita treni moja tu ya makontena, na nje ya dirisha lako inasikika kwa desibeli 80 kwa muda wa dakika moja. Ukiieneza sauti hiyo juu ya saa kumi za usiku, wastani unatoka desibeli 52. Yaani treni moja, kwa dakika moja, imeruka kiwango cha usiku kwa desibeli 17, na sikio husikia kila ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyojirudia maradufu. Treni za mizigo haziji moja. Tena zile zinazopanda kwenda bara hupita Mariakani zikivuta mzigo kutoka usawa wa bahari, injini za dizeli zikifanya kazi kwa nguvu zote, juu ya tuta linaloisambaza sauti mbali kuliko reli iliyo chini.

Hapa ndipo tatizo letu lilipo. Mwingereza ana kiwango kilegevu, desibeli 63 usiku, lakini kikivukwa pesa inatoka. Sisi tuna kiwango kikali, desibeli 35, ambacho reli yoyote hai itakivuka kabla ya saa nne usiku, na kikivukwa hakuna kinachotoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza desibeli 44 usiku kwa kelele za reli, likizingatia usingizi. Hata hilo halikuthubutu kushuka hadi 35. Kiwango ambacho hakuna anayetarajia kitimizwe hugeuka kuwa pambo, na afisa wa mazingira anayekuja kupima anajua hivyo kabla hajawasha kipimo chake.

Hata hivyo pambo hilo lina makali yake mahakamani. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Katiba iko juu ya kesi ya 1869. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kuamuru kelele ipunguzwe au mwathiriwa alipwe fidia. Anayefikiria njia hiyo akumbuke kwamba Sheria ya Shirika la Reli inadai notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kabla ya kesi, na muda wa kushtaki ni mfupi, miezi 12 tangu tukio, isipokuwa kwa madhara yanayoendelea, ambayo yana hesabu yake. Wakili wa kwanza kumwona awe anaijua sheria hiyo.

Kabla ya wakili kuna barua, na barua ni bure. SGR haikujengwa bila leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na leseni ya aina hiyo hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira na huja na masharti. Kisha mradi hukaguliwa mara kwa mara. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka hizo na kujibiwa ndani ya siku 21. Kikundi cha majirani kinaweza kuandika barua mbili, moja kwa NEMA na moja kwa Shirika la Reli, kikiomba masharti ya kelele na mtikisiko yaliyowekwa kwa kipande cha Mariakani pamoja na vipimo vilivyochukuliwa tangu treni zianze. Wakipata vipimo, wana ushahidi ambao hawakuulipia. Wakijibiwa kwamba vipimo havipo, hilo nalo ni ushahidi. Katika mambo yote ya uchambuzi huu, hizi barua mbili ndizo ningeanza nazo kesho.

Kuna ugumu mwingine, nao uko ndani ya Katiba yenyewe. Jedwali la Nne limeipa serikali ya kitaifa reli, na kaunti udhibiti wa kelele. Kwa hiyo treni ni ya Nairobi na kelele yake ni ya Kilifi. Kaunti haina mamlaka juu ya ratiba ya treni, wala matengenezo ya magurudumu, wala urefu wa tuta. Serikali ya kitaifa nayo haikai na mwananchi anayekuja ofisini Mariakani akilalamika kwamba watoto hawalali. Mpaka wa Kwale nao hauko mbali na mji, kwa hiyo treni moja hupita kaunti mbili kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Sasa turudi kwa aliyetangulia, maana Mariakani ina watu wa aina mbili na si haki kuwaweka kapu moja. Wapo waliokuwa na nyumba zao kabla ya 2017. Wakati SGR inakuja, Tume ya Taifa ya Ardhi ilithamini ardhi iliyochukuliwa, mazao na majengo yaliyokuwa ndani ya njia ya reli. Fidia ilihesabu kilichochukuliwa. Nyumba iliyobaki upande wa pili wa uzio haikuchukuliwa, kwa hiyo katika hesabu hizo haikuwepo, ingawa usingizi wa ndani yake ulichukuliwa. Sheria inahesabu ardhi na mnazi. Sauti inayovuka uzio haina safu yake katika daftari.

Na hatuwezi kusema ni jambo ambalo wajenzi hawakulijua. Awamu ya pili ya SGR, iliyofika Suswa mwaka 2019, ilipopita katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ilijengewa daraja la takriban kilomita 6 lenye vizuizi vya kelele ili wanyama wasisumbuke. Sipingi hata kidogo wanyama kulindwa. Ninachosema ni kwamba mhandisi alijua kelele ni madhara, alijua dawa yake, na pesa ya dawa ilipatikana. Jambo lililofanywa kwa twiga lingeweza kufanywa kwa watu waliokuwa wamejenga Mariakani kabla ya tuta kupandishwa.

Wa aina ya pili ni waliokuja baada ya 2017, na wenye nyumba mpya wengi ni hawa. Kwao nitasema wazi: madai ya fidia ni dhaifu, na si Kenya tu, ni karibu kila nchi yenye mpango wa aina hii. Pesa yao haitatoka kwa reli. Itatoka mfukoni au kwa mkopo, na busara ni kuitafuta kabla msingi haujachimbwa.

Mahali pa kwanza kwa mtu wa Kilifi ni SACCO, chama cha akiba na mikopo. Imarika, iliyoanza kama chama cha walimu wa Kilifi, ni miongoni mwa SACCO zenye hisa katika KMRC, kampuni iliyoundwa mwaka 2018 kuzikopesha benki na SACCO ili nazo zikopeshe wajenzi na wanunuzi wa nyumba kwa muda mrefu na riba nafuu. Kwa kawaida SACCO hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Kosa la wengi ni kuomba mkopo wa kujenga, kisha baada ya mwaka kurudi kuomba mkopo mwingine wa kurekebisha, wakati wa kwanza haujaisha na wadhamini wamechoka. Siling nzito, milango mizito na madirisha yanayofunga sawasawa viingizwe katika makadirio ya fundi tangu mwanzo, chini ya jina la ujenzi. Hakuna afisa wa mikopo atakayeshtuka kuona siling. Akiona ombi tofauti la kuzuia kelele atauliza maswali mengi.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, haufai kwa kazi hii. Mkopo wake wa mtu binafsi ni wa kiasi kidogo na wa muda mfupi, ulibuniwa kwa biashara ndogo. Mfuko wa maendeleo wa eneo bunge haukarabati nyumba za watu binafsi. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, chini ya sheria ya Machi 2024, inajenga nyumba za serikali, hailipii siling ya nyumba yako. Mwanachama wa mfuko wa pensheni anaruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi, lakini hiyo ni kwa ununuzi.

Msaada wa serikali ulio karibu zaidi umefichwa katika sheria ya kodi ya mapato. Anayelipa riba ya mkopo wa kununua au kuboresha nyumba anayoishi mwenyewe hupunguziwa mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Desemba 2024, na tangu hapo ujenzi nao umetajwa. Kuboresha nyumba ni pamoja na kuizuia kelele. Sharti ni kwamba mkopo utoke kwa taasisi inayotambuliwa na sheria hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Nafuu hii ni halisi, ila imeelemea upande mmoja: inamfaa mwalimu au karani anayekatwa kodi kwenye mshahara, haimfai mama anayeuza mnazi stendi ingawa treni ni ileile.

Pesa ikipatikana, iende wapi? Hapa watu hupoteza nyingi kwa kununua wasichohitaji. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta pande zote mbili tayari hukata desibeli zipatazo 45. Ukuta si tatizo. Tatizo ni matundu. Ikiwa asilimia moja tu ya upande wa nyumba ni wazi, hata ukuta uwe mnene kama wa Fort Jesus, hautakata zaidi ya desibeli 20. Ikiwa wazi ni sehemu ya kumi, hukata 10 tu. Nyumba ya pwani imejengwa ili ipumue: luva, matundu ya hewa juu ya madirisha, nafasi kati ya ukuta na paa. Joto la Mariakani halitaki mzaha, na anayeziba kila kitu atafungua madirisha mwenyewe kabla ya Februari kuisha. Hewa iachiwe njia yenye kona, kijisanduku kilichobandikwa sponji au pamba nzito ndani yake, ili upepo upite na sauti igonge ukuta. Kanuni za Uingereza hulipia dirisha na kifaa cha hewa kwa pamoja kwa sababu hiyohiyo.

Paa ndilo la pili. Mabati hutengenezwa hapahapa Mariakani, katika kiwanda cha Mabati Rolling Mills, na karibu kila nyumba imeezekwa nayo. Bati peke yake ni jepesi na sauti hulipenya. Siling ya jipsamu, yenye tabaka la pamba ya kuhami juu yake, na kingo zilizozibwa mpaka kwenye bimu, hupunguza kelele na joto pamoja. Ndiyo maana ningeiweka mbele ya kioo cha bei ghali. Kisha milango ya mbao nzito badala ya ile mitupu ndani, na madirisha ya kufunga kwa mpira badala ya luva, angalau katika vyumba vya kulala.

Lakini la bei nafuu kuliko yote ni ramani. Vyumba vya kulala viwe upande wa mbali na reli. Jiko, stoo, bafu na koridori viwe upande wake. Mistari hiyo ikichorwa upya kabla ya msingi haigharimu hata mfuko wa saruji. Miarobaini mitatu mbele ya dirisha itakupa kivuli, haitakupa ukimya. Ukuta wa uwanja unasaidia pale tu unapokinga magurudumu yasionekane kutoka dirishani, na kwa nyumba iliyo chini ya tuta hilo ni nadra.

Ramani hupitishwa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kilifi haihitaji ruhusa ya Nairobi kuweka sharti kwamba ramani ya nyumba iliyo karibu na reli ionyeshe upande wa vyumba vya kulala na aina ya siling, na kwamba mnunuzi wa ploti aambiwe kwa maandishi kuna reli gani na treni zake hupita saa ngapi. Sharti hilo lingewasaidia wajenzi wapya kuliko ruzuku yoyote, na ni kazi ya kelele ambayo Katiba imeshaipa kaunti.

Dawa ya chanzo ni ya serikali ya kitaifa. Ulaya ilijifunza kwamba breki za chuma cha kusubu huparuza magurudumu, na magurudumu yaliyoparuzwa hupiga kelele. Kuzibadilisha hupunguza hadi desibeli 10. Uswisi na Ujerumani zililipia mabadiliko hayo, kisha mwaka 2020 zikayapiga marufuku mabehewa ya kelele. Kusaga reli ili iwe laini nako husaidia. Tanzania ilijenga SGR yake ya umeme, na tangu 2024 treni zinatoka Dar es Salaam hadi Dodoma bila mngurumo wa dizeli. Yetu ilibaki dizeli. Kazi moja kwenye behewa hunufaisha kila nyumba kuanzia Miritini hadi Nairobi, wakati siling hunufaisha chumba kimoja.

Kuhusu waliotangulia reli, pesa ipo. Tangu 2013 bidhaa nyingi zinazoingia nchini hutozwa Ushuru wa Maendeleo ya Reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani, na sasa ni 2. Unakusanywa kwa jina la reli. Kelele ni gharama ya reli kama zilivyo dizeli na mataruma, ila mpaka sasa anayeilipa ni anayelala karibu nayo. Bunge likirekebisha matumizi ya ushuru huo, sehemu ndogo inaweza kulipia siling, madirisha na njia ya hewa ya vyumba vya kulala katika nyumba zilizokuwa zinakaliwa kabla ya Mei 31, 2017, ndani ya mita 300 kutoka SGR, kelele ya usiku ikithibitishwa na NEMA kupita kiwango kinachotekelezeka, tuseme desibeli 55. Tarehe inajulikana na reli haijahama. Orodha ya nyumba za wadi ya Mariakani inaweza kuandikwa na machifu na wazee wa mitaa, na picha za setilaiti za 2016 zitaonyesha paa lipi lilikuwepo na lipi halikuwepo.